Zawadi za Pwani: Kipi Kipakiwe, Kipi Kiachwe Sokoni

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana ya neno hilo yafahamika vema katika kambi za jeshi na za polisi nchini Uganda. Askari apatapo likizo yake ya mwaka, akafuatana na mkewe kwenda kupumzika Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, siku yake ya kurudi huhesabiwa na watoto wa jirani kama inavyohesabiwa na wanawe mwenyewe. Habari za bahari na za majahazi zitasimuliwa baadaye. Jambo la kwanza ni kufunguliwa kikapu.

Desturi hiyo ni njema, nayo inastahili kudumishwa. Walakini, si kila kitamu alichokila msafiri huko pwani kinachofaa kuletwa nyumbani. Kiko chakula kinachoweza kukaa ndani ya basi kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kikafika salama. Kiko kingine kinachoharibika kabla basi halijafika Nairobi. Na kiko cha tatu, kibaya kuliko vyote, ambacho hufika kikiwa kizuri machoni na kitamu mdomoni, kumbe kimebeba ndani yake maradhi yawezayo kuangamiza migomba na mifugo ya kijiji kizima. Mwenye nyumba hana budi kuvitambua vyote vitatu kabla hajaingia sokoni na fedha zake za likizo.

VINAVYOSTAHIMILI SAFARI

Chakula huharibiwa na vijidudu, na vijidudu haviwezi kuzaana pasipo maji. Kwa hiyo kitu chochote ambacho maji yake yamekaushwa kwa jua au kwa moto, au yameshikwa na sukari au chumvi nyingi, huweza kukaa muda mrefu bila ya barafu. Wazee wa pwani waliyafahamu hayo zamani sana, kwani mabaharia wao walihitaji vyakula vya kuchukua safarini katika majahazi.

Zawadi iliyo mashuhuri kuliko zote ni halua. Asili yake ni Oman, na kwa miaka mingi imekuwa fahari ya waokaji wa Unguja na Mombasa. Hupikwa kwa sukari, wanga, samli na hiliki. Wengine hutia zafarani, lozi, korosho au ufuta. Mpishi huikoroga bila kupumzika mpaka iwe nzito na ing'ae. Kwa sababu ya wingi wa sukari na samli, halua iliyopikwa vizuri hukaa majuma kadhaa mahali pakavu, wala haihitaji friji. Kinyume chake, baridi huifanya iwe ngumu. Mnunuzi na aulize imepikwa lini, aionje, na ahakikishe kwamba samli yake haina harufu ya kuchacha.

Tende nazo ni msafiri hodari. Zichaguliwe zile nzima, zisizo na vitundu vya wadudu, na zifungwe mbali na sabuni, maana hunasa harufu upesi. Watoto watafurahia mabuyu ya Mombasa, yaani mbegu za mbuyu zilizopikwa kwa sukari na rangi. Kashata pia zafaa, ila ifahamike kwamba kashata ya nazi huchacha mapema kwa sababu ya mafuta ya nazi, ilhali ile ya karanga huvumilia zaidi. Anayetaka kashata ya nazi na ainunue siku ya mwisho ya likizo, wala si siku ya kwanza.

Korosho hupatikana kwa wingi kutoka Mtwara na Lindi katika Tanzania, na kutoka Kilifi na Kwale katika Kenya. Zinunuliwe zilizokwisha kubanguliwa na kukaangwa. Wako wanaoshawishika kununua korosho ghafi zenye maganda kwa kuwa bei yake ni ndogo, wakidhani watazibangua nyumbani. Hilo ni kosa la hatari, kwa maana ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake huumiza macho na mapafu. Kazi hiyo waachiwe waliojifunza.

Korosho na karanga zote zichunguzwe kama zina ukungu. Ukungu wa aina fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125. Karanga yenye rangi ya kijivu au kijani, iliyosinyaa au yenye ladha chungu, itupwe bila huruma. Asipewe kuku wala mbwa.

Kwa wapendao samaki, kuna papa na ng'onda, yaani samaki waliotiwa chumvi wakakaushwa juani. Samaki aliyekauka barabara huwa mgumu, hapindiki kwa urahisi, na hana unyevu ndani ya nyama yake. Afungwe kwa karatasi nyingi, kisha atiwe katika kifurushi cha peke yake, la sivyo abiria wote watajua kilichomo. Nyumbani aloweshwe maji usiku kucha ili chumvi ipungue, ndipo apikwe kwa tui la nazi. Wenye ugonjwa wa shinikizo la damu wale kidogo, au wajizuie kabisa.

HABARI YA VIUNGO

Mama wa nyumba anayetaka zawadi nyepesi isiyoharibika na anunue viungo. Kanuni ni moja: kinunuliwe kiungo kizima, si kilichosagwa. Harufu na ladha ya kiungo zimo katika mafuta yake, na mafuta hayo hupotea haraka kiungo kikisagwa. Isitoshe, unga ni rahisi kuchanganywa na takataka. Hiliki ikae ndani ya ganda lake, mdalasini uwe vijiti, na pilipili manga iwe punje.

Karafuu njema hutambuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza, ukiiminya kwa ukucha hutoa mafuta kidogo. Ya pili, ukiitia majini huzama au husimama wima; iliyokwisha kukamuliwa mafuta huelea ikiwa imelala. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1872 tufani kubwa iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika, na hata leo sehemu kubwa ya karafuu hutoka Pemba.

Askari anapaswa kufahamu kwamba biashara ya karafuu huko Zanzibar inalindwa na sheria. Ununuzi na usafirishaji wake umekuwa mikononi mwa shirika la serikali, na magendo ya karafuu ni kosa kubwa. Mwenye kutaka kidogo za kutia katika pilau na anunue pakiti ndogo katika duka linalotambulika, na aitunze stakabadhi. Asikubali kubebeshwa gunia na mtu asiyemjua, hata kama bei ni ya kuvutia namna gani.

VITAKAVYOHARIBIKA NJIANI

Kila mwaka wako wasafiri wanaofungasha biriani, samaki wa kukaanga au sambusa za nyama, wakitumaini kuwaonjesha walio nyumbani. Upendo wao ni mkubwa, lakini Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida. Vijidudu huzaana upesi katika joto lililo kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na hilo ndilo joto la ndani ya basi. Safari ya kutoka Mombasa hadi Kampala huchukua mchana na usiku. Chakula hicho kitafika kikiwa na harufu nzuri bado, na pengine ladha nzuri pia, lakini watoto watakesha wakihara. Kukipasha moto tena hakutoshi, kwa kuwa vijidudu vingine huacha sumu isiyovunjwa na moto.

VINAVYOKATALIWA MPAKANI

Matunda mabichi, miche, mbegu, udongo, nyama na maziwa mabichi ni jambo jingine kabisa. Afisa wa kilimo au wa mifugo anapovikamata, abiria wengi hunung'unika wakidhani kwamba embe zao zinakwenda kuliwa nyumbani kwake. Yafaa waelezwe sababu.

Mwaka 2003 aligunduliwa nchini Kenya nzi wa matunda aliyetoka Asia. Jike la nzi huyo hutaga mayai chini ya ganda la embe. Kwa nje embe huonekana zima. Ndani funza wanakula. Tunda likitupwa chini, funza huingia udongoni na kutoka akiwa nzi mpya. Haukupita muda mrefu nzi huyo akawa ameenea Tanzania, Uganda na sehemu nyingine nyingi za Afrika, na wakulima wa maembe wakapata hasara kubwa. Nzi mwenyewe haendi mbali sana kwa mabawa yake. Aliyemsafirisha kwa kasi namna hiyo ni binadamu, kwa vikapu na malori yake.

Habari ya migomba inaeleweka zaidi kwa msomaji wa Uganda. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria ulijulikana kwanza Ethiopia. Mwaka 2001 ulionekana katikati ya Uganda, na katika miaka iliyofuata ukafika Kongo, Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Dawa haipo. Ugonjwa huenezwa na wadudu, na visu na mapanga yaliyokata mgomba mgonjwa, na miche inayochukuliwa kutoka shamba moja hadi jingine. Mtu aliyeona mgomba mzuri ugenini, akachimba chipukizi lake na kulificha chini ya nguo, aweza kuwanyima matoke majirani zake kwa miaka mingi.

Kwa upande wa mifugo, mfano mashuhuri ulitokea mbali na Afrika. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, ilivuka bahari mwaka 1957 na kuingia Ureno. Mabaki ya chakula cha ndegeni yalilishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Ugonjwa ulizimwa, ukarudi mwaka 1960, ukaingia Hispania pia, na Hispania haikufaulu kuufuta hadi mwaka 1995. Hivyo basi, sahani za abiria waliokwisha kushiba ziliwagharimu wafugaji wa nchi mbili zaidi ya miaka 30 ya taabu. Homa hiyo haimdhuru binadamu, lakini huua nguruwe wengi mno, na virusi vyake huweza kuishi miezi kadhaa hata ndani ya nyama iliyotiwa chumvi na kukaushwa.

Ugonjwa wa miguu na midomo nao hupita njia kama hiyo. Mwaka 2001 ulizuka Uingereza, na zaidi ya wanyama milioni 6 walichinjwa ili kuuzuia. Chanzo kilielekezwa kwenye shamba moja ambako nguruwe walilishwa mabaki yasiyochemshwa, na iliaminiwa kwamba yalikuwa na nyama iliyoingizwa nchini kinyume cha sheria.

Kwa sababu hizo mataifa yalifanya Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea mwaka 1951, na kwa sababu hizo mimea na mifugo huhitaji vibali na vyeti vya afya. Anayehitaji mche au mbegu kwa haja ya kweli na aende kwa maafisa wa kilimo kabla ya safari, si baada ya kukamatwa. Na hata pale ambapo chakula kimeruhusiwa kupita, mabaki ya safari, maganda na mifupa, yasitupwe shambani wala kulishwa nguruwe au mbwa. Yachomwe au yafukiwe shimo la kina.

MFANO WA ASKARI

Mahali hapa pana mtihani unaowahusu wasomaji wa ukurasa huu kuliko watu wengine. Katika vituo vya mpaka kama Malaba, Busia na Mutukula, anayekagua mizigo na anayekaguliwa aghalabu hufahamiana kwa sare, kwa cheo, au kwa kuwa walipata mafunzo pamoja. Sajini aliye likizoni, mwenye kikapu cha maembe na kifurushi cha nyama, akitamka cheo chake huenda akapishwa upesi na kijana wa zamu asiyependa kumwudhi mkubwa. Kuitwa "afande" ni heshima. Si kibali cha mifugo. Nzi hajui vyeo, wala virusi haviogopi nyota za begani.

Zaidi ya hayo, mashamba yatakayoharibika ni ya nani? Wengi wa askari wana wazazi vijijini wanaotegemea shamba la migomba, ng'ombe wawili na nguruwe mmoja wa karo ya shule. Mkubwa anayefungua mzigo wake kabla hajaombwa, akakubali kuacha embe tatu mezani, anawalinda wazee wake mwenyewe, na anamwondolea kijana wa zamu hofu ya kufanya kazi yake ipasavyo. Mke naye ana sehemu yake: asimsukume mumewe kuomba upendeleo kwa ajili ya zawadi.

KUFUNGA MZIGO

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizo humhusu pia mgeni anayepita njia. Kikapu cha ukindu, kilichosukwa na akina mama wa pwani, kitamwepusha msafiri na faini, kitapitisha hewa, na baada ya safari kitabaki nyumbani kuwa cha sokoni. Viungo vifungwe kwa karatasi, kisha vitiwe katika mkebe wenye kifuniko. Achari ikae katika chupa ya kioo, mdomo wake uzungushiwe kitambaa. Vizito viwe chini, halua iwe juu, na samaki awe mbali na vyote.

Kabla ya kununua, mume na mke wakubaliane kiasi cha fedha na waandike majina ya watakaopewa. Kilo mbili za halua zilizogawanywa vipande vidogo hutosha nyumba nyingi. Kukopa nauli ya kurudia kwa sababu ya zawadi si ukarimu. Ni kuwapa jirani utamu na kuwapa wanao njaa ya mwisho wa mwezi.

LADHA ISIYOHITAJI KIBALI

Hatimaye, iko zawadi ambayo haiozi, haina uzito, na haikaguliwi na mtu: maarifa ya upishi. Mama aliyependa samaki wa kupaka huko pwani hana haja ya kumbeba samaki. Na akae na wenyeji wake jikoni, aulize, aandike, kisha ampike ngege wa ziwani kwa namna ileile. Mahitaji ni ngege mmoja wa kiasi cha kilo 1, nazi kavu moja kubwa, punje 5 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, pilipili mbichi 1 au 2, ndimu 1, ukwaju kidogo ulioloweshwa, kijiko kidogo cha bizari ya manjano, na chumvi.

Twanga pamoja kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Mpasue samaki, mkate chale mbavuni, kisha umpake nusu ya mchanganyiko huo pamoja na chumvi na maji ya ndimu. Mwache kwa muda wa nusu saa. Kuna nazi, kamua tui zito, ulitie sufuriani pamoja na mchanganyiko uliobaki, bizari na maji ya ukwaju. Chemsha kwa moto mdogo huku ukikoroga, mpaka tui liwe zito kama uji. Mchome samaki juu ya mkaa hadi akaribie kuiva. Kisha mpake tui hilo, mgeuze, mpake tena, mpaka limshike na kubadilika rangi. Tui litakalosalia limwagiwe juu yake wakati wa kuandaa. Huliwa kwa wali, na kwa matoke pia hukubaliana vizuri sana.

Jirani aliyepewa kipande cha halua atashukuru siku hiyo. Jirani aliyefundishwa upishi huu atashukuru kila apatapo samaki, naye atawafundisha wengine. Basi msafiri anayejiandaa kwa likizo na aweke daftari dogo na kalamu ndani ya kikapu chake kabla ya kuondoka.